Mazimwi wawili kisimani: njia nne za kupima ugumu wa mchezo pale wachezaji hawalingani

Ukitafuta watu wanne wa kucheza mchezo wa kuigiza wahusika hapa Dodoma, ule ambao kila mchezaji anaigiza mtu mmoja ndani ya hadithi na dadu zinaamua anachofanikiwa, usitegemee kupata wanaolingana. Mmoja atakuwa mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) aliyemaliza vitabu vya kanuni kwenye simu, hata ukurasa anakutajia. Mwingine ni mtumishi wa wizara kule Mtumba. Akipangiwa safari ya kikazi, wiki tatu humwoni. Wa tatu kaletwa na rafiki yake, na dadu ya pande ishirini ndiyo kwanza anaishika. Wa nne hesabu hazimvutii, anachopenda ni kuzungumza na kila mtu anayekutana naye kwenye hadithi. Wote wanakaa meza moja Jumamosi jioni, sebuleni kwa mtu Kisasa au Nkuhungu, na msimamizi, yule anayesimulia hadithi na kuwaendesha maadui, anatakiwa awape jambo gumu linalomfaa kila mmoja wao.

Nalinganisha njia nne: kupiga hesabu kabla, kuiacha dunia ya hadithi iwe ilivyo, kupanga kila mtu awe na nafasi yake, na kurekebisha mambo pambano likiendelea. Msimamo wangu nautanguliza. Hesabu inakuambia nani anaweza kufa. Haikuambii nani atakaa saa nzima bila kuwa na la kufanya, na hilo la pili ndilo linalovunja vikundi.

Ili njia zote zipimwe kwa haki, nazipitisha kwenye tukio moja. Msafara umetoka Mpwapwa unaelekea magharibi kupitia Marenga Mkali, nyika kavu iliyoogopwa na misafara ya karne ya 19 kwa sababu ya kukosa maji. Ng'ambo yake kuna korongo la mchanga, na ndani ya mchanga kuna kisima kilichochimbwa kwa mikono. Mazimwi wawili wamekikalia. Kundi lina mpiganaji na mchawi wa ngazi ya 5 (ngazi ni kipimo cha nguvu za mhusika, hupanda kadiri anavyopata uzoefu), pamoja na mpelelezi na mganga wa ngazi ya 2 ambao wachezaji wao wamejiunga hivi karibuni. Kanuni ni za Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014. Nimechagua hizo kwa sababu sehemu yake kubwa ya msingi ilitolewa chini ya leseni huru mwaka 2023, kwa hiyo mtu anaipakua bure bila kuvunja sheria ya mtu.

Kupiga hesabu kabla

Kila adui ana thamani yake kwa pointi za uzoefu (zile kundi linazopata likimshinda), na kila ngazi ya mhusika ina viwango vinne: rahisi, wastani, gumu na la kufisha. Unajumlisha viwango vya wahusika wako, unajumlisha thamani za maadui, unazidisha kufuatana na idadi ya maadui, kisha unalinganisha.

Tufanye kwa kisima chetu. Kiwango cha wastani kwa ngazi ya 5 ni 500, kwa ngazi ya 2 ni 100. Wahusika wawili wawili, jumla 1,200. Kiwango cha pambano gumu ni 750 na 150, jumla 1,800. Zimwi mmoja ana thamani ya 450. Wawili ni 900, na kwa kuwa ni wawili unazidisha kwa moja na nusu, unapata 1,350. Jibu la kitabu: pambano la wastani.

Sasa angalia kinachotokea mezani. Rungu la zimwi linatoa dadu mbili za pande nane na nyongeza ya 4, yaani 13 kwa wastani. Mpelelezi wa ngazi ya 2 asiye na nyongeza ya mwili ana pointi 13 za uhai, na zikiisha anaanguka. Akiwa na vazi la ngozi na wepesi mzuri, kinga yake, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu na nyongeza zake ili pigo limpate, ni 14, na zimwi anampata kwa asilimia 65. Kwa hiyo pigo moja tu lina nafasi ya zaidi ya theluthi moja kumlaza chini, kabla hajafanya lolote. Mpiganaji wa ngazi ya 5 aliye na ngao na vazi la minyororo ana kinga 18 na pointi 44 hivi. Zimwi anahitaji kumpata mara nne hivi ndipo aanguke, na kila pigo linampata kwa asilimia 45 tu.

Na mchawi? Ngazi ya 5 inampa nafasi mbili za uchawi wa daraja la tatu, na mpira wa moto mmoja unatoa dadu nane za pande sita, 28 kwa wastani, kwa kila aliyemo ndani ya mlipuko. Zimwi ana pointi 59. Mipira miwili ikiwapata mazimwi wote sawasawa, wanabaki wanachechemea. Zamu mbili za mtu mmoja. Pambano lile lile limemwua mpelelezi, limemfanya mpiganaji mlinzi wa geti, na mganga hajui hata kama zamu yake ilifika. Karatasi imeandika "wastani".

Hesabu ya kitabu haina kosa la kujumlisha. Tatizo ni kwamba inachukulia mambo mawili ambayo vikundi vya aina yetu havina. La kwanza ni wahusika wa ngazi moja. La pili ni siku ndefu: kitabu cha 2014 kinakadiria kundi linaweza kukabili mapambano sita hadi nane ya wastani au magumu kati ya usingizi mmoja na mwingine. Jumamosi moja jioni inabeba mawili, labda matatu mkiwahi kuanza. Msimamizi akiruhusu kundi lilale kila kikao kinapoisha, mchawi anakuja kila wiki na nguvu zote na kuzimwaga kwenye pambano moja, huku mpiganaji, ambaye uwezo wake unarudi kwa mapumziko mafupi ya saa moja, hapati faida ya uvumilivu wake.

Dawa haihitaji kitabu kipya. Siku ya hadithi iwe ndefu kuliko siku ya kukutana. Nyika ya Marenga Mkali inakusaidia hapo, maana hakuna anayelala fofofo huku punda wanaanguka kwa kiu. Siku moja ya msafara ichukue Jumamosi mbili au tatu, na mchawi atajifunza kuhesabu mipira yake.

Ukitaka hesabu inayoaminika zaidi, Pathfinder toleo la pili, la mwaka 2019, mchezo mwingine wa aina hii, inafaa. Kundi la wanne lina bajeti ya 80 kwa pambano la wastani, adui wa ngazi sawa na kundi anagharimu 40, basi wawili wa aina hiyo wanatosha. Kanuni zake zinasomwa bure mtandaoni kwa ridhaa ya wachapishaji. Lakini mchezo huo unaongeza ngazi ya mhusika karibu kwenye kila namba anayoijua kuifanya, na pigo linalozidi kinga kwa 10 linaumiza maradufu. Mtu wa ngazi ya 2 kati ya watu wa ngazi ya 5 humo anateseka kuliko kwenye Dungeons & Dragons. Ukiichagua, usichanganye ngazi kabisa.

Kwa kweli sioni sababu ya kuchanganya ngazi katika mchezo wowote kati ya hiyo miwili. Kwenye Dungeons & Dragons, ngazi ya 5 inadai pointi 6,500 za uzoefu na ya 2 inadai 300. Ukimgawia kila mtu pointi zake kwa mahudhurio, yule mtumishi wa Mtumba atabaki nyuma kwa kosa la kufanya kazi yake. Wote wapande pamoja hadithi inapofika hatua kubwa, na mgeni aanze pale walipo wenzake. Najua swali litakalofuata: aliyehudhuria kila wiki anapata nini? Apate vitu vya hadithini. Mtemi anamfahamu kwa jina, ana ng'ombe wawili walioachwa kwa ndugu wa mtu aliyemwokoa, anajua siri ya njia ya Bahi. Vitu hivyo vina uzito kuliko pointi, na havimwui mwenzake.

Kuiacha dunia iwe ilivyo

Hapa msimamizi hapimi kabisa. Mazimwi ni wawili kwa sababu wako wawili. Hawakuwekwa kwa ajili ya nguvu za kundi. Kazi ya wachezaji ni kujua wanakabili nini na kuamua.

Njia hii inategemea dalili. Mifupa ya ng'ombe pembeni ya korongo. Nyayo za msafara uliotangulia, zinazofika karibu na kisima kisha zinageuka. Mtoto anayechunga mbuzi juu ya jabali anayewapigia mluzi wasishuke. Bila dalili hizo, kuiacha dunia iwe ilivyo ni kuwaua watu kwa bahati mbaya na kuiita haki. Zikiwepo, tofauti ya ngazi inapungua sana, kwa sababu jibu bora si kupigana: kuna kusubiri giza, kuna kuwapelekea mbuzi, kuna kuchimba kisima kingine juu zaidi ya korongo.

Naipenda njia hii kwa watu wazima wenye subira. Ushindi wao ni wa kweli, hakuna aliyewapunguzia. Hasara yake inaonekana mezani na si kwenye karatasi: mjadala wa mpango unamezwa na mwenye sauti kubwa au aliyesoma vitabu, na mgeni anabaki kuitikia. Pia mgeni anaamini kila kilichowekwa mbele yake kimewekwa apigane nacho. Msimamizi aseme kwa mdomo wake, siku ya kwanza kabisa, kwamba baadhi ya vitu humu vinakimbiwa.

Kama njia hii inakuvutia na hesabu hazikuvutii, mchezo wa Dungeon World wa mwaka 2012 umejengwa kwa mwelekeo huo. Unarusha dadu mbili za kawaida na kuongeza uwezo wako: 10 na zaidi umefanikiwa, 7 hadi 9 umepata lakini kwa gharama, 6 kushuka msimamizi anafanya jambo baya. Mwenye nyongeza ya 2 anapata kitu mara 5 kati ya 6, awe mbele ya zimwi au mbele ya mbwa koko. Ukubwa wa adui unaonekana kwenye gharama unayolipa. Mgeni anaelewa yote hayo kwa dakika tano, na dadu hizo mbili ni zile za ludo zinazouzwa sokoni Majengo.

Kupanga kila mtu awe na nafasi

Hii ndiyo ninayoitetea, na ndiyo inayodai kazi zaidi.

Wengi wanaielewa kuwa ni kugawa zamu: leo pambano la mpiganaji, wiki ijayo fumbo la mchawi, wiki nyingine mazungumzo ya mganga. Ukifanya hivyo umeondoa uchovu wa mtu mmoja ukaupeleka kwa watatu. Nafasi zinatakiwa ziwe kwa wakati mmoja, mahali pamoja, na ziwe nyingi kiasi kwamba mtu mmoja, hata awe na nguvu kiasi gani, hawezi kuzishika zote.

Rudi kisimani. Mazimwi wako pale pale, wawili, pointi 59 kila mmoja. Ongeza mambo matatu. Kijana mchunga punda wa msafara amenaswa nyuma yao, chini ya ukingo uliomomonyoka, na mchanga unaendelea kushuka juu yake. Kwenye ukingo wa juu amesimama mjumbe wa mtemi na vijana wenye mikuki, anataka hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla mtu hajachota hata kibuyu kimoja. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kweli kwa misafara iliyopita nchi yao na kunywa maji yao, kwa hiyo hili halikutungwa kutoka hewani. Na kwenye jabali la upande wa pili kuna michoro myekundu ya kale, ya aina inayoonekana Kolo kule Kondoa, eneo lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Anayeweza kuisoma atajua mazimwi hawa wanaogopa nini.

Mpiganaji anasimama kwenye wembamba wa korongo na kuwazuia. Pointi zake 44 sasa zina maana, kwa sababu kila pigo analopokea yeye halimfikii mpelelezi. Mpelelezi anatambaa nyuma kumtoa kijana. Ngazi ya 2 inamtosha kabisa, maana kinachopimwa ni ukimya na wepesi. Mganga yuko juu na mjumbe. Mchawi ana uamuzi mgumu: mpira wa moto utamaliza kazi upesi, lakini kijana na mpelelezi wako ndani ya mlipuko. Basi anakwenda kwenye michoro. Hakuna namba hata moja ya adui iliyobadilika, na kila mtu mezani ana jambo ambalo lisipofanywa na yeye halifanyiki.

Kuna kitu kimoja kinachosahaulika sana kwenye njia hii, nacho ni lugha ya karatasi. Kanuni ziko kwa Kiingereza, na karatasi ya mhusika imejaa maneno madogo madogo. Aliyezoea anasoma kwa jicho moja. Mgeni, zamu yake inapofika, anainamia karatasi, watu wanasubiri, na baada ya muda anasema, "Kaka, mimi hapa nafanyaje?" Mwanafunzi aliyesoma vitabu anamjibu kwa nia njema: "Rusha mshale." Anarusha. Zamu inayofuata hivyo hivyo. Mwisho wa jioni mgeni amerusha dadu tu, aliyekuwa akicheza ni mwenzake. Huo ni upungufu wa ulinganifu mkubwa kuliko ngazi tatu, na hakuna jedwali linaloupima.

Mwandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa mkono ukipenda. Juu, mambo matatu anayoyafanya vizuri kuliko yeyote kwenye kundi, na dadu ya kila moja imeandikwa pembeni. Katikati, pointi za uhai na kinga, kwa namba kubwa. Chini, swali moja la kumuuliza msimamizi anapokwama: "Naona nini ambacho wenzangu hawakioni?" Kwa mpelelezi wetu mambo matatu ni kujificha, kushambulia adui asiyemwangalia, na kufungua kilichofungwa. Mweleze pia aliyezoea, kwa upole na pembeni, kwamba ushauri unatolewa ukiombwa.

Ubaya wa njia hii upo. Inakula muda wa maandalizi, jioni nzima kwa kikao kimoja. Ukizidisha, dunia inakuwa ya bandia: kila mlango una kufuli la mpelelezi na kila kijiji kina mgonjwa wa mganga. Na kwa mji wenye safari za kikazi kama huu, mtu uliyemwandalia nafasi anaweza kukupigia Ijumaa usiku kwamba yuko njiani kwenda Dar. Kwa hiyo andaa hitaji badala ya jina. Andika "mtu wa kuzungumza na mjumbe", usiandike jina la mchezaji. Asipokuwepo mzungumzaji, mpiganaji atajaribu kuzungumza, vibaya, na hapo nako kuna hadithi.

Kurekebisha pambano likiendelea

Zimwi ana pointi 59, unaona watu wamechoka, unamfanya aanguke akifika 40. Au unarusha dadu nyuma ya kitabu na kutaja namba nyingine.

Natofautisha mambo mawili hapa. Kubadilisha ambacho wachezaji hawajakiona bado ni kazi halali ya msimamizi: zimwi wa tatu aliyekuwa aje asije, zimwi aliyejeruhiwa nusu akimbie, rungu limwelekee mpiganaji kwa sababu ndiye aliyemchoma. Kubadilisha ambacho dadu imeshasema sikubaliani nako. Wachezaji hugundua, na siku wanapogundua, kila ushindi wao wa nyuma unaanza kutiliwa shaka. Dadu zirushwe mezani, kila mtu azione.

Kama njia ya pekee, haifai, kwa kuwa inamwachia msimamizi aamue kila dakika nani anastahili kuumia. Kama nyongeza ni muhimu, hasa saa tatu usiku ambapo wanaorudi Chimwaga wanawaza daladala.

Uchague ipi

Msimamizi mpya mwenye wachezaji wapya wote, anza na hesabu. Ngazi ya 1 inaua haraka sana kwenye Dungeons & Dragons, na jedwali litakuzuia kuwaangamiza kikao cha kwanza. Ukitumia kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024, zile hesabu za kuzidisha zimeondolewa na viwango vimebaki vitatu. Ni rahisi zaidi, ila kuwa mwangalifu na maadui wengi wadogo, kwa sababu wingi wao hauhesabiwi tena kama zamani.

Kundi linalokutana kwa miaka, watu wanaojuana na wanaoweza kupoteza mhusika bila kununiana, liachie dunia iwe ilivyo.

Kundi la mchanganyiko kama nililolieleza juu, ambalo ndilo utakalolipata mara nyingi hapa, ngazi ziwe sawa kwanza, kisha njia ya nafasi. Hesabu ifanye kwa haraka kwa jambo moja tu: pigo moja la wastani la adui lisitoshe kumlaza aliye dhaifu kuliko wote. Ukiona linatosha, badilisha adui au msogeze mbali naye. Kwa mpelelezi wetu mwenye pointi 13, zimwi mwenye wastani wa 13 amekataliwa kumfikia bila onyo. Akipandishwa ngazi ya 5 anakuwa na 28, na anaweza kupigwa mara moja, akaogopa, akaamua mwenyewe kukimbia au kubaki.

Na kama ni jioni moja tu, labda wanafunzi kabla ya mitihani ambao hawatakutana tena hadi muhula ujao, usiwaache watengeneze wahusika. Waandalie watano wa ngazi ya 3 kwa kikundi cha wanne, kila mmoja na ukurasa wake wa Kiswahili, waweke mezani na mwache mgeni achague wa kwanza.